Kabati lako la mbao linaweza kuwekwa milango ya kioo

Msikilizaji, kabati la vyombo lenye milango ya kioo hupendeza sebuleni. Ikiwa kabati lako la mbao bado ni imara, huna haja ya kununua jingine, kwani milango yake inaweza kugeuzwa. Lakini kabla ya kumwita fundi seremala, tambua kwanza mlango wako ni wa aina gani.

Mlango unaofaa ni ule wenye fremu ya mbao nne na ubao mwembamba katikati. Fremu ndiyo nguvu ya mlango. Ubao wa kati umechomekwa tu kwenye mfereji. Mlango wa plaiwudi ulio wazi ndani usiutoboe, maana ukikatwa katikati hulegea. Huo utengenezewe fremu mpya.

Kazi huanza kwa kufungua bawaba na kulaza mlango kifudifudi mezani. Kwa upande wa nyuma, fundi hukata ukingo mmoja wa mfereji kwa patasi au mashine, pande zote nne. Ubao hutoka, na hubaki ngazi ndogo ya kulazia kioo. Ukingo wa mbele usiguswe, kwani ndio unaozuia kioo kisidondoke.

Sasa pima urefu na upana wa nafasi hiyo, kisha punguza milimita 3 katika kila kipimo. Mbao huvimba wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi, lakini kioo hakifuati. Kikibanwa, hupasuka. Pima pia kutoka kona hadi kona. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana, fremu imepinda. Hapo kata kadibodi inayoingia vizuri, uipeleke duka la vioo kama kielelezo.

Kioo cha milimita 4 kinatosha. Mita moja ya mraba ya kioo hicho ina uzito wa kilo 10, hivyo kioo cha sentimita 40 kwa 90 hufika kilo 3 na nusu hivi. Bawaba zilizolegea zibadilishwe kwanza.

Kioo hushikiliwa na vipande vyembamba vya mbao vilivyopigiliwa kwenye fremu kwa misumari midogo. Vipande hivyo visitiwe gundi, ili kioo kikivunjika uweze kuvitoa na kuweka kingine.

La mwisho ni usalama wa watoto. Kioo cha kawaida kikivunjika hutoa vipande vikali kama kisu. Milango ya chini iache ya mbao, au weka plastiki ngumu angavu, ingawa huchubuka haraka. Kipo pia kioo kilichoimarishwa kwa joto, ambacho huvunjika kuwa punje ndogo zisizo na makali kama hayo. Hicho hakikatiki tena kikishatengenezwa, kwa hiyo pima mara mbili kabla ya kuagiza.