Mikono iliyofinyanga chungu yaweza kufinyanga shanga

Ndugu msomaji, hebu tupia jicho jikoni kwako asubuhi ya leo. Maji yamo ndani ya ndoo ya plastiki, mboga imo ndani ya sufuria, na chai imo ndani ya chupa iliyotoka kiwandani. Chungu kiko wapi? Kama bado unacho, huenda umekipandia maua, au umekiweka pembeni kikingojea maharage ya sikukuu.

Hakuna wa kulaumiwa. Sufuria ni nyepesi, haivunjiki, na huchemka upesi. Lakini nyuma ya kila chungu kilichokosa mnunuzi yupo mama aliyekifinyanga, na nyuma ya mama huyo yupo binti ambaye hajifunzi tena kazi ile kwa sababu haoni faida yake. Makala haya yanauliza jambo moja tu: je, mikono ile ile yaweza kupata kazi nyingine katika udongo ule ule?

Chungu kwa nafaka

Twende kwanza Lugarawa. Msafiri atokaye Makambako, pale inapoachana barabara kuu ya Zambia na ile ya Songea, hufika Itoni karibu na mji wa Njombe, akaiacha njia ya Songea na kushika ile ya Ludewa. Huko ndiko Upangwa, nchi ya milima, baridi na ukungu, ambako mahindi na maharage husitawi. Magharibi yake milima inaporomoka ghafla hadi Ziwa Nyasa, na chini kabisa, katika ukanda mwembamba ulio kati ya jabali na maji, wanakaa Wakisi.

Ukanda huo hauna mashamba mapana. Wakisi wakawa wavuvi, na wanawake wao wakawa wafinyanzi mashuhuri. Hufinyanga kwa mkono bila gurudumu, hulainisha, hupamba kwa rangi za udongo, kisha huchoma mahali pa wazi. Kazi hiyo mama amemrithisha binti kizazi baada ya kizazi. Vyungu vyao vilipakiwa mitumbwini na vilipandishwa milimani kwa vichwa, vikabadilishwa kwa nafaka ambayo mwambao haukuwa nayo ya kutosha. Hata leo, mtu afikaye Ikombe au gulio la Lyulilo karibu na Matema, upande wa Kyela, atavikuta vyungu hivyo vimepangwa vikingoja wanunuzi.

Kwa hiyo familia ya mlimani na familia ya ziwani zilifungamana kwa chungu. Sufuria imelegeza fundo hilo. Ikiwa tunataka ujuzi huu uendelee kuishi, haitoshi kuusifu katika maonyesho. Lazima tuupatie bidhaa ambayo mtu wa leo anaihitaji, na ambayo sufuria haiwezi kushindana nayo. Bidhaa mojawapo ni ndogo kuliko punje ya mhindi: ni ushanga.

Shanga za wageni

Wengi wetu tunaamini kwamba shanga ni mali yetu ya asili. Mitindo na maana zake ni zetu kweli, lakini shanga nyingi zenyewe zilitoka mbali. Kwa karne nyingi majahazi yalileta pwani yetu shanga za kioo na za mawe kutoka India, na baadaye zikaja za Venice. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilibeba mizigo ya shanga kama leo mtu anavyobeba noti, kwani ndizo zilizonunua chakula njiani. Ole wake mkuu wa msafara aliyekosea rangi! Shanga nyekundu zilizoitwa samisami zingeweza kupendwa katika nchi moja, na katika nchi ya pili zisinunue hata kibaba cha mtama. Hata shanga za rangi kali wanazotumia mafundi wa Kimaasai, nyingi zimekuwa zikitengenezwa katika viwanda vya kioo vya Ulaya, hasa katika nchi ya Wacheki.

Sanamu ndogo za udongo, kwa upande wake, si jambo la kuazima. Wazigua, Wasambaa na makabila mengine ya kaskazini mashariki walizitumia jandoni na unyagoni. Kila sanamu ilikuwa na wimbo wake na fundisho lake: heshima kwa wazazi, wajibu wa mume, hatari ya uvivu. Mtafiti Hans Cory alizieleza katika kitabu kilichotoka mwaka 1956. Wazee wetu, basi, walimfundisha kijana kwa udongo kabla hajaona kitabu cha karatasi.

Mfano wa Nairobi

Huenda msomaji atasema: ni nani atakayenunua shanga za udongo? Jibu liko kwa majirani zetu. Mwaka 1975, katika kitongoji cha Karen, Nairobi, mama mmoja aitwaye Susan Wood alianza kufinyanga shanga za udongo akisaidiwa na wanawake wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao na wakihitaji kazi. Karakana ile ikaitwa Kazuri, yaani kitu kidogo kilicho kizuri. Udongo wake huletwa kutoka maeneo ya Mlima Kenya. Kila ushanga huviringwa kwa mkono, hukaushwa, huchomwa, hupakwa rangi, kisha hurudishwa tanurini ung'ae. Kutoka kwa wale wawili, idadi ya wafanyakazi ilikuja kupita 300, walio wengi wakiwa wanawake, na shanga zao zikauzwa hata ng'ambo ya bahari.

Tuangalie vizuri siri yao. Haikuwa udongo, kwa maana udongo upo kila mahali. Siri ilikuwa mambo matatu: kila ushanga ulifanana na mwenzake kwa ukubwa, rangi haikubanduka, na kazi haikukatika. Mnunuzi wa mkufu hamsamehei fundi ushanga mmoja uliopinda.

Udongo usio udongo

Siku hizi yapo pia madonge ya rangi yanayouzwa katika maduka ya miji mikubwa kwa jina la udongo wa polima. Watoto huyapenda, na mafundi wengi wa ng'ambo huyatumia kutengeneza shanga na sanamu. Msomaji afahamu kwamba hayo si udongo halisi. Ni unga wa plastiki aina ya PVC uliochanganywa na vilainishi na rangi. Mchanganyiko wa namna hiyo ulianzia Ujerumani katika familia ya Käthe Kruse, mtengenezaji mashuhuri wa wanasesere. Mwaka 1964 uliingia mikononi mwa kampuni ya Eberhard Faber, ukajulikana kwa jina la FIMO.

Uzuri wake ni kwamba hauhitaji tanuri kubwa. Nyuzi 110 hivi za joto, kwa nusu saa, katika jiko la kuokea mikate, zinatosha kuufanya mgumu. Lakini ukizidisha moto ukaungua, hutoa moshi wenye sumu unaochoma macho na kifua. Usiuchome kwenye mkaa, usiuoke pamoja na chakula, wala usiutumie kutengenezea kikombe au sahani. Tena hununuliwa kwa fedha taslimu, donge kwa donge. Kwa familia ya mfanyakazi ni mchezo mzuri wa Jumapili, lakini kwa mama wa Lugarawa au Lupingu anayetafuta kipato, udongo wa mtoni ndio mtaji alionao tayari.

Jinsi ya kuanza

Chimba udongo wa mfinyanzi, ule ambao ukiuviringa mfano wa uzi na kuuzungusha kidoleni haukatiki. Uanike, uuponde, uuloweke siku kadhaa, kisha uuchuje kwa chekeche au kitambaa ili mawe na mizizi ibaki. Uache utulie, mwaga maji ya juu, na uanike tena mpaka usigande mikononi. Changanya mchanga laini kidogo, au vigae vya chungu kilichovunjika vilivyosagwa. Hivi huupa udongo nguvu ya kustahimili moto. Sasa ukande kama unavyokanda unga wa chapati, mpaka hewa yote itoke.

Ili shanga zilingane, usikisie kwa macho. Viringa udongo uwe kama fimbo nyembamba, uweke kando ya rula, na ukate vipande vya urefu mmoja. Kila kipande kiviringe katikati ya viganja. Subiri kikauke kidogo, ndipo ukitoboe kwa spoki ya baiskeli iliyonolewa, ukiizungusha polepole. Ukitoboa udongo ungali laini mno, ushanga utabonyea, ukichelewa, utapasuka. Toboa tundu kubwa kuliko uzi unaokusudia, kwa kuwa udongo hunywea unapokauka na kuchomwa, aghalabu kwa kiasi cha sehemu moja katika kumi.

Kwa sanamu ndogo, kama vile ng'ombe, mtumbwi, au mama aliyebeba mtungi, kanuni ni kutofanya unene mkubwa. Sanamu nene ikamue ndani kwa kijiko ibaki na uwazi, na uiachie tundu la kupitisha mvuke. Mguu au sikio la kubandika likwaruze, ulipake udongo mzito wa maji, ndipo uligandamize. Kikisha kukauka nusu, kisugue kila kipande kwa jiwe laini la mtoni au mgongo wa kijiko. Kitapata mng'ao usiohitaji rangi ya dukani.

Kausha kivulini, mbali na upepo. Nyanda za juu wakati wa masika jambo hili huchukua siku nyingi, kwa hiyo miezi ya kiangazi, kuanzia Juni, ndiyo misimu ya kuchoma.

Moto ndio mtihani

Wengi huharibikiwa hapa. Udongo unaoonekana mkavu bado umebeba maji ndani yake. Ukiutupa motoni ghafla, maji hayo hugeuka mvuke na kuupasua kwa kishindo. Kwanza pasha shanga kando ya moto kwa saa kadhaa. Kisha zipange ndani ya chungu kikuukuu, funika kwa vigae, zungushia kuni na nyasi kavu, na uongeze moto kidogo kidogo hadi chungu kiwe chekundu. Udongo lazima upite nyuzi 600 hivi ndipo ugeuke kabisa usirudi tena kuwa tope. Uache upoe wenyewe hadi kesho yake. Anayefunua mapema huvuna vipande.

Kipimo ni rahisi. Tumbukiza ushanga mmoja katika maji usiku kucha. Ukiyeyuka, moto ulikuwa mdogo, nawe usiuze hata mmoja wa wenzake. Jihadhari pia na rangi za mafuta zenye risasi, maana mtoto hutia kila kitu mdomoni. Na hata ushanga usio na rangi si wa kuachiwa mtoto mdogo, kwani waweza kumkaba koo.

Hesabu ya mama

Kosa la mafundi wetu wengi si katika kufinyanga, ni katika kuhesabu. Tuseme umechoma shanga 100, zikapasuka 20. Gharama ya kuni, uzi na siku zako za kazi usiigawe kwa 100; igawe kwa zile 80 zilizosalimika. Hapo ndipo utajua bei ambayo chini yake unajidhulumu. Andika kila kitu katika daftari, hata kuni ulizookota mwenyewe, maana muda wa kuokota nao ni mali.

Kazi hii hainawiri kwa mtu mmoja mmoja. Kikundi chaweza kuchoma kwa tanuri moja, kununua uzi kwa jumla, na kupokea oda ambayo mama mmoja angeishindwa. Shirika la Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, lina ofisi mikoani, na kazi yake ni pamoja na kuwapa mafunzo na ushauri wenye viwanda vidogo vidogo. Mlango huo ubisheni.

Wewe msomaji wa mjini nawe una sehemu yako. Unapotafuta zawadi ya harusi au ya ubatizo, ulizia mkufu wa udongo wa mikono yetu kabla hujachukua ule wa plastiki uliosafiri baharini. Lakini usiununue kwa huruma. Uukague, uuvute uzi, utazame tundu, na ukiona kasoro useme. Fundi anayeambiwa kweli hujifunza, na anayenunuliwa kwa huruma hubaki alipo.

Na wewe mama unayejua bado kufinyanga, iwe uko ziwani au mlimani, mwite binti yako jioni hii umpe donge moja. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Walimkusudia mtoto, lakini maneno hayo yanaihusu kazi yenyewe pia. Maadamu wapo wanaoijua, bado ina maji. Tusiingoje ikauke.