Kompyuta Inapong'ang'ania Nywila: Tafuta Chanzo, Usivunje Kufuli

Na Mwandishi Wetu

Ni siku ya mwisho ya kuwasilisha taarifa ya robo mwaka. Mtumishi anataka kuunganisha printa mpya na kompyuta yake ili achapishe taarifa hiyo. Skrini inafifia, kisanduku kinajitokeza na kumtaka aandike nywila ya msimamizi wa mfumo. Anaandika nywila yake mwenyewe, inakataliwa. Anairudia kwa makini, inakataliwa tena.

Katika hali kama hiyo, wengi humwita mwenzao anayesifika kwa kujua kompyuta ili akiondoe kabisa kisanduku hicho. Hapo ndipo kosa huanzia. Kisanduku hicho ni mlinzi wa mlangoni anayetimiza wajibu wake, na anaporudia swali lilelile kila siku, ipo sababu inayoweza kutafutwa na kurekebishwa bila kumfukuza mlinzi.

Asili ya ulinzi huu

Mwaka 1975 wataalamu wawili wa kompyuta, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika kanuni ambayo hadi leo ni nguzo ya usalama wa mifumo: kila mtumiaji na kila programu ipewe mamlaka yale tu yanayohitajika kwa kazi yake. Watumiaji wengi wa Windows walianza kuiona kanuni hiyo kwa macho yao mwaka 2007, toleo la Vista lilipoleta kisanduku cha kuomba ruhusa. Maswali yalikuwa mengi kiasi cha kulalamikiwa, hivyo toleo la Windows 7 la mwaka 2009 likayapunguza.

Kisanduku huja kwa sura mbili. Mwenye akaunti ya msimamizi kwa kawaida huulizwa tu iwapo anakubali au anakataa. Mwenye akaunti ya kawaida hutakiwa kuweka nywila ya msimamizi, na ndiyo maana nywila yake binafsi haikubaliki hata akiiandika kwa usahihi. Kufifia kwa skrini nako ni kwa makusudi: wakati huo programu nyingine huzuiwa kubonyeza kitufe cha kukubali kwa niaba ya mtumiaji.

Vyanzo vinne vya usumbufu

Cha kwanza ni kosa la uandishi. Kabla ya jambo lolote, hakikisha kitufe cha herufi kubwa hakijawashwa na kwamba kibodi imewekwa katika lugha uliyoizoea, kwa kuwa baadhi ya alama huhama nafasi lugha ikibadilika.

Cha pili ni programu inayoomba ruhusa kila inapofunguliwa. Mara nyingi ni programu ya zamani inayotaka kuandika ndani ya mafolda ya mfumo, au iliyowekwa mpangilio wa kufunguliwa daima kwa mamlaka ya msimamizi. Mpangilio huo hupatikana katika ukurasa wa sifa za programu na unaweza kuondolewa. Ikiwa programu haifanyi kazi bila mamlaka hayo, dawa ni kupata toleo jipya kutoka kwa mtengenezaji wake.

Cha tatu ni umiliki wa mafaili. Diski ikihamishwa kutoka kompyuta ya zamani, mafaili yake huweza kubaki chini ya akaunti ya zamani. Hata kama akaunti mpya ina jina lilelile, kompyuta huzitambua kwa namba za ndani zinazotofautiana. Msimamizi anaweza kuhamisha umiliki wa folda inayohusika. Asifanye hivyo kwa diski nzima yenye mfumo, maana anaweza kuuharibu.

Cha nne, ambacho husahaulika sana, ni nywila ya zamani iliyohifadhiwa. Mtumishi hubadili nywila yake, lakini kompyuta huendelea kutuma ile ya awali kwenye folda ya pamoja au barua pepe, na majaribio hayo yakirudiwa akaunti huweza kufungwa. Katika Windows, nywila hizo huhifadhiwa katika sehemu maalumu ndani ya Paneli ya Udhibiti. Futa ile ya zamani, kisha weka mpya. Kwenye kompyuta za Mac, hifadhi iitwayo Keychain huweza kubaki na nywila ya zamani pale nywila ya kuingilia inapobadilishwa na mtu mwingine. Ukiikumbuka ile ya zamani, iweke ili hifadhi isasishwe. Usipoikumbuka, itabidi kuanzisha hifadhi mpya na kuweka upya nywila zilizokuwamo.

Hatari ya kukubali kwa kuchoka

Maswali yakizidi, mtu huzoea kukubali bila kusoma. Wahalifu wanalifahamu hilo. Mwezi Septemba 2022 kampuni ya Uber ilieleza kuwa mvamizi aliyekuwa na nywila ya mkandarasi wake alijaribu kuingia mara kwa mara. Kila jaribio lilimletea mkandarasi ombi la kuthibitisha. Mwanzoni maombi hayo hayakukubaliwa. Mwishowe moja likakubaliwa, na mvamizi akaingia.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali, jiulize mambo matatu: Je, ni mimi niliyeanzisha kazi hii? Jina la programu ninalifahamu? Mtengenezaji wake ametambuliwa na mfumo? Kisanduku kikijitokeza wakati hukuanzisha chochote, kataa, tenganisha kompyuta na mtandao, kisha umjulishe Afisa TEHAMA mara moja.

Ni vyema pia kuepuka njia za mkato: kuzima ulinzi huo, kumpa kila mtumishi akaunti ya msimamizi, au kubandika nywila ya msimamizi kando ya skrini. Kompyuta ya ofisi ya umma hubeba majina, namba za simu na nyaraka za wananchi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayezikusanya azilinde. Dakika chache za kumsubiri Afisa TEHAMA ni gharama ndogo kuliko kumweleza mwananchi jinsi taarifa zake zilivyofika mikononi mwa mhalifu.