Masisi: Kuweka motere kubwa ndani ya motokari ya zamani, ni faida au ni hatari?

Kwenye milima inayopanda kutoka Sake kuelekea Mushaki, Rubaya na Kibabi, motokari haisifiwi kwa rangi yake wala kwa mwaka iliyotengenezwa. Inasifiwa kwa kupanda. Wakati wa mvua, udongo unapogeuka matope mazito, Land Cruiser yenye motere iliyochoka inaweza kulala njiani pamoja na maharagwe, viazi, jibini na abiria wake. Ndiyo maana mwenye motokari ya zamani anaweza kuwaza hivi: bodi bado nzima, shasi bado nzima, kwa nini nisitoe motere hii na kuweka nyingine iliyo kubwa zaidi?

Inawezekana. Lakini motere kubwa haiji peke yake. Inadai freni, radiatere, bwate ya vitesi na karatasi. Asiyejua hilo mapema atalipa mara mbili, na wakati mwingine abiria ndio watakaolipa.

Wamarekani na Chevrolet zao

Kubadilisha motere ya namna hii kunapendwa sana Marekani, hasa kwa motokari za miaka ya 1950 na 1960. Mfano unaojulikana ni Chevrolet ya mwaka 1955. Siku hizo mnunuzi aliweza kuchagua motere ya silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja, yenye lita 3.9, au motere mpya ya silinda nane, ile inayoitwa V8, yenye lita 4.3 na nguvu za farasi 162.

V8 hiyo ilibadili mambo. Chevrolet iliendelea kuikuza kwa ndani huku umbo lake la nje likibaki karibu lile lile. Mwaka 1967 ilitoka ya lita 5.7. Hivyo mwenye motokari ya zamani aliweza kutoa motere ya lita 4.3 na kuweka ya lita 5.7 mahali pale pale, bila kukata chuma kingi. Tangu mwaka 1997 wengi wamehamia kwenye kizazi kingine cha V8, kinachoitwa LS, ambacho kilianza na lita 5.7 na nguvu za farasi 345 ndani ya Corvette. Hizo ni zaidi ya mara mbili ya nguvu za ile V8 ya mwaka 1955.

Ila mafundi wa huko walijifunza jambo moja mapema. Chevrolet ya mwaka 1955 ilitoka kiwandani na freni za tamburi kwenye magurudumu yote manne, zilizopimwa kwa mwendo wa siku hizo. Ukiongeza nguvu bila kugusa freni, umetengeneza motokari inayojua kuondoka lakini haijui kusimama.

Undugu wa Toyota na Chevrolet

Msomaji wa Kivu anaweza kuuliza: Chevrolet inatuhusu nini sisi wenye Land Cruiser? Inatuhusu kuliko tunavyodhani. Katika miaka ya 1930, Kiichiro Toyoda alipotaka kutengeneza motokari Japani, yeye na mainjinia wake walifungua motere ya Chevrolet ya silinda sita, wakaichunguza kipande kwa kipande, na kutoka hapo wakatengeneza motere ya kwanza ya Toyota, aina ya A, yenye lita 3.4. Ikafuata aina ya B. Mwaka 1951 motere hiyo ya B iliwekwa ndani ya motokari ya mlimani iliyoitwa BJ, ambayo mwaka huo ilipanda Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Jina la Land Cruiser lilikuja mwaka 1954.

Na duara limefungwa: huko Marekani, wenye Land Cruiser za zamani aina ya FJ40 hupenda kutoa motere ya Toyota na kuweka V8 ya Chevrolet.

Kwetu V8 ya esanse haina hesabu nzuri. Inakunywa sana, na mafuta yanayofika Masisi yamesafiri mbali na bei yake inaonyesha hivyo. Tena, kwenye matope hatuhitaji mbio. Tunahitaji motere inayovuta kwa nguvu ikizunguka polepole. Hapo motere za mazutu zinashinda. Iliyo maarufu kuliko zote kwenye Land Cruiser za kazi ni 1HZ, silinda sita, lita 4.2, iliyoanza mwaka 1990. Kwa mwenye Land Cruiser aina ya BJ40 ya miaka ya 1970, iliyozaliwa na motere ya mazutu ya silinda nne na lita 3.0, 1HZ ni ndoto.

Mlima unakula nguvu

Sababu nyingine ya kutafuta motere kubwa ni mwinuko wenyewe. Motere inahitaji hewa ili kuchoma mafuta, na jinsi unavyopanda juu, hewa inapungua. Motere isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kila mita 1,000. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima ya Masisi inapita mita 2,000. Kwa hiyo motere yenye nguvu za farasi 130 kule pwani itabaki na 105 hivi ikifika huku juu, kabla hujapakia hata gunia moja.

Vitu vinavyofuata motere

Cha kwanza ni nafasi. Motere ya silinda sita ni ndefu kuliko ya silinda nne. Ikilazimishwa kuingia, feni yake inakaribia kugusa radiatere, na fundi anaanza kukata na kusoma. Vishikio vya motere vikisomwa vibaya, vitapasuka kwenye mashimo ya kwanza. Uzito wa mbele pia unaongezeka, kwa hiyo resori za mbele nazo lazima ziwe na nguvu.

Cha pili ni joto. Motere kubwa hutoa joto jingi. Kwenye mlima mrefu motokari inatembea polepole, upepo haupiti vizuri, na radiatere ndogo ya zamani inachemka. Motere iliyonunuliwa kwa pesa nyingi inaweza kufa katika safari moja kwa sababu ya radiatere iliyoachwa.

Cha tatu ni bwate ya vitesi na ambreyaji. Vilipimwa kwa nguvu za motere ya zamani. Tena motere ya mazutu haizunguki haraka kama ya esanse. Ukiiunganisha na vitesi vilivyopangwa kwa esanse, motokari itapanda vizuri lakini kwenye barabara nzuri itatambaa. Ndiyo maana fundi mwangalifu hununua motere pamoja na bwate yake.

Cha nne ni umeme. Kuna Land Cruiser za volti 12 na nyingine za volti 24. Anayechanganya bila kuangalia ataunguza vifaa.

Cha tano, na ndicho kikubwa, ni freni. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya freni inaongezeka mara nne. Freni za tamburi zikishikwa kwa muda mrefu kwenye mteremko hupata moto na kuacha kushika. Na motere kubwa ina kishawishi chake: kwa kuwa inavuta, mwenye motokari anaongeza magunia, kisha watu juu ya magunia. Lakini motere ndiyo iliyobadilishwa, si shasi. Wanaosafiri juu ya mizigo kutoka sokoni hawana namna ya kujua kwamba freni zilizo chini yao ni zile za miaka 40 iliyopita.

Motere bila kompyuta

Kuna jambo moja ambalo linatenganisha fundi wa Marekani na fundi wa Masisi. Motere ya LS haiwaki bila kompyuta inayopima hewa, mafuta na moto. 1HZ haina haja nayo: pompe yake ya mazutu inafanya kazi kwa vyuma. Ikisimama porini, fundi mwenye funguo za kawaida anaweza kujaribu kuiokoa.

Ndani ya kompyuta za motokari za kisasa mna vifaa vidogo vinavyotunza umeme, na baadhi hutengenezwa kwa tantali, chuma kinachotoka kwenye koltani. Umoja wa Mataifa umekadiria kuwa eneo la Rubaya, lililo mikononi mwa waasi wa M23 tangu mwishoni mwa Aprili 2024, linatoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia. Milima inayoyashinda magari yetu ndiyo inayosaidia kuwasha ya wengine.

Kabla ya kulipa

Usisahau karatasi. Karte roze inaandika motokari ilivyo, na vinyeti hulipwa kulingana na nguvu za kodi. Motere ikibadilika na karatasi zikabaki za zamani, kila kizuizi kinaweza kuwa mazungumzo marefu, na siku ya ajali asiransi ina sababu ya kukataa. Dai hati ya mauzo yenye namba ya motere, usije ukanunua ya wizi.

Kisha muulize fundi maswali manne. Je, motere inakuja na bwate yake? Je, radiatere itatosha? Je, freni zitabadilishwa pia? Je, nitabeba kilo ngapi bila kuvunja shasi? Ikiwa pesa zako zinatosha motere tu na hazifiki freni, subiri. Mlima wa Kibabi ukikushinda kupanda, utalala njiani usiku mmoja. Mteremko ukikushinda kusimama, hautakupa nafasi ya pili.