Kicheko Kilichofukiwa Biharamulo

Mtoto aliyezaliwa Biharamulo mwaka 1906 alikuwa na miaka 10 tu Wabelgiji walipoliteka boma la Mjerumani, na kabla hajaoa alikuwa chini ya Mwingereza. Boma lenyewe bado limesimama. Kwa anayetaka kuandika riwaya ya kihistoria ya kuwachekesha watoto wa miaka 10 hadi 13, mji mdogo kama huu ni hazina.

Chukua fedha peke yake. Mjerumani alidai kodi kwa rupia, na sarafu zake ndogo ziliitwa heller. Baadhi zilikuwa na tundu katikati. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikaingia shilingi. Sasa mweke babu aliyefukia chungu cha heller migombani, akasahau ni mgomba upi, na mjukuu anayetumwa kuchimba usiku majirani wasione. Wanakuja kuzipata wakati hazilipi kodi tena. Mjukuu anazitunga kwenye uzi, dada zake wanazivaa shingoni, na karani wa boma anahangaika kuulizia utajiri huo umetoka wapi. Msomaji wa darasa la tano atacheka, na akicheka atakuwa ameelewa jambo ambalo vitabu vya shule hulipitia harakaharaka: utawala ukibadilika, jasho la mtu huweza kugeuka shanga.

Kazi ngumu ni kuamua nani achekwe. Babu achekwe kwa kusahau mgomba, kama babu yeyote. Asichekwe kwa kutojua kusoma wala kwa kusema Kisubi, lugha ya kwao. Kiburi cha bomani ndicho kibebe kichekesho kikubwa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alilimudu hilo katika *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*, iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Mume anahangaikia pombe ya ndizi ya kuwapelekea wakwe ili arudishiwe mkewe. Tunacheka, na heshima yake haipungui hata chembe. Ni kitabu cha watu wazima, lakini mwandishi wa watoto anaweza kujifunzia hapo.

Wilaya jirani ya Ngara nayo ina kichekesho chake: mpaka. Eneo lake la Bugufi lilikuwa la ufalme wa Urundi (Burundi ya leo), na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia likabaki Tanganyika. Tuseme shangazi yuko ng'ambo, mbuzi wake hajui ramani, na mtoto anayemfuata mbuzi huyo anajikuta akieleza kwa askari yeye ni wa nani. Hapo pana sura nzima ya vituko.

Aprili 1994 ni jambo jingine. Wakimbizi zaidi ya 170,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja, na kambi ya Benaco ikawa kubwa kuliko mji wa Ngara. Utani wa watoto wa kambini ulikuwepo, maana watoto hucheza popote, lakini naamini mtu wa nje asiuandike kwa kukisia. Waliovuka wakiwa na miaka 10 leo ni watu wazima; riwaya hiyo ni yao kuiandika.