MANENO MAREFU YA SAYANSI YANA VIUNGO

Katika vilima vya Pugu umo udongo mweupe uitwao kaolini. Jina hilo asili yake si Kiingereza. Latoka China, mahali paitwapo Gaoling, yaani kilima kirefu, palipochimbwa udongo wa kufinyangia vyombo vya kauri. Wataalamu waliongeza mkia "ite", ambao ni alama ya madini, wakapata "kaolinite". Mkia huo huo kampuni ya Tiffany iliutia kwenye jina la nchi yetu mwaka 1968, likazaliwa neno "tanzanite".

Twayasema haya kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi. Wengi wao husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha huingia kidato cha kwanza wakaikuta sayansi kwa Kiingereza. Mtoto huliona neno "photosynthesis" akalikariri zima zima, kama mtu amezaye embe na kokwa yake. Siku ya mtihani, herufi chache zikimponyoka, neno lote limempotea.

Hali mtoto huyo huyo hutamka "watakapotufundisha", neno la silabi nane, pasipo kusita, kwa kuwa kila kiungo chake akijua: wao, wakati ujao, sisi, fundisha. "Photosynthesis" lina silabi tano tu! "Photo" kwa Kiyunani ni nuru, na "synthesis" ni kuunganisha. Jani hujiundia chakula kwa nuru ya jua, na habari hiyo imo ndani ya neno lenyewe. Waliounda neno la Kiswahili "usanisinuru" walipita njia iyo hiyo, ingawa kwa maoni yetu hiyo "sanisi" nayo yahitaji mkalimani.

Penye taabu hasa ni mkazo. Kiswahili, isipokuwa katika maneno machache ya kukopa, hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Mkazo wa Kiingereza huhamahama. Kwa hiyo wengi wetu husema "bio-LO-gy", na Mwingereza husema "bi-O-logy", akikaza ya tatu kutoka mwisho. Ndivyo ilivyo pia kwa "geology" na "zoology". Lakini mkia ukiwa "ic", kwa kawaida mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama tulivyozoea sisi: "photosynthesis" hukazwa kwenye "syn", bali "photosynthetic" hukazwa kwenye "the".

Kuyafundisha haya hakuhitaji maabara. Chaki yatosha, na dakika tano mwanzoni mwa somo, neno likatwe vipande ubaoni kabla halijaingia daftarini.