Kwa sababu gani sombe inapondwa mbele ya kupikwa

Katekista mmoja wa kijijini alituuliza neno ambalo lilitushinda papo hapo. Kwa nini wamama wanaponda sombe katika kinu kwanza, kisha wanaipika? Kama moto unaua sumu, si ingetosha kuichemsha?

Tulirudi katika vitabu vya kemia, tukaona kwamba wamama wanasema kweli.

Kila chenye uzima kimejengwa kwa selula, na ndani yake mna vimeng'enya, ambavyo karibu vyote ni protini. Vinaharakisha mabadiliko ambayo bila vyenyewe yangekawia mno. Kila kimeng'enya kina kitu chake cha kushika, kama kufuli na ufunguo wake. Mfano huo ulitolewa na Emil Fischer, Mjerumani, mwaka wa 1894. Kazi ikiisha, chenyewe kinabaki kizima, kinashika kingine. Lakini moto mkali unaharibu umbo lake, nacho hakifai tena.

Sasa tutazame muhogo. Ndani ya selula zake mna linamarini, na kimeng'enya chake, linamarase, kinakaa kando, katika ukuta wa selula. Havikutani. Mwichi ukivunja selula, vinakutana: linamarini inakatwa, inatoka sukari, na nyuma yake sumu ya sianidi. Sumu hiyo inageuka mvuke upesi, hata kwa digri 26, na moto unaifukuza. Lakini ukichemsha majani mazima, umeua kimeng'enya kwanza, na linamarini nyingi inabaki katika chakula. Huko tumboni vijidudu vinaweza kuikata, na sumu inazaliwa ndani yetu.

Nayo sumu inaua namna gani? Inafunga kimeng'enya kingine, kile ambacho selula zetu zinatumia hewa safi kwacho. Mwili unajitetea: kimeng'enya cha ini kinaunganisha sianidi na kiberiti kinachotoka katika protini za maharagwe, samaki na nyama. Asiyepata hivyo, atajitetea na nini? Tena kile kinachotokea hapo kinazuia iodi kuingia katika tezi ya shingo. Ndivyo watafiti wa Lwiro walivyochunguza rovu kisiwani Idjwi tangu miaka ya 1960.

Kuna konzo pia, ambayo daktari Trolli aliieleza mwaka wa 1938 kule Kwango. Miguu inakakamaa ghafula, wala hairudi kama zamani. Inapata hasa watoto na wamama. Nyuma ya vita ilionekana hata kwetu, Burhinyi. Watu wenye njaa hawangoji siku tatu za kuloweka mihogo, na ni katika siku hizo mizizi inalainika na selula zinafunguka.

Katekista wetu aliuliza tena kama jua linatosha pahali pa maji. Kwa muhogo mchungu halitoshi: ukikauka upesi, linamarase inakosa maji ya kufanyia kazi.