Vitunga vya Wanaga: kazi ya wanaume, mzigo wa wabibi

Kitunga, kila mutu wa hapa anakijua: kinaleta mihogo toka shamba, kinaleta makala toka soko. Leo tunataka kuwaonyesha vitunga vya watu wa mbali, Wanaga, wanaokaa mu milima ya kaskazini-mashariki ya Uhindi, kwa mpaka wa Burma. Inchi yao ni Nagaland, mji wa serkali ni Kohima. Makabila iko mingi, Angami, Ao, Konyak, Lotha na wengine, kila moja na luga yake.

Wamama watashangaa: kule, kusuka kitunga ni kazi ya wanaume. Wabibi wanafuma nguo. Lakini nani anakibeba? Mara mingi bibi! Kwa jambo hilo Wanaga na watu wa Bukavu ni ndugu: kamba inapita kwa paji la uso, mzigo unalala mgongoni, shingo njo inatumika. Wanaga wanasuka ule mkanda wa paji kuwa mpana, kusudi usikate ngozi.

Kitunga chenyewe ni chembamba chini, kipana juu. Wenye kubeba mifuko ya mawe wataelewa mara moja: uzito unakaa karibu na mabega, na miguu iko na nafasi ya kupanda. Kile cha kuni kinasukwa na matundu makubwa. Kile cha mchele kinafungwa sana, hata mbegu moja haipiti.

Kekele ni kamba ya pori yenye miiba, inapanda juu ya miti mirefu. Fundi anaikata na panga yake, ile wanaita dao, anaivuta, anaondoa miiba, anaipasua. Bambu inakatwa wakati wa baridi na ukavu, juu ya wadudu: ile ya mvua wanaitoboa upesi. Bambu inafanya tumbo la kitunga, kekele inafunga mdomo. Musumari hapana, gundi hapana. Kisha kinatundikwa juu ya moto wa jikoni, na moshi unakikausha mpaka kinakuwa cheusi-chekundu. Ile rangi si ya duka.

Mwaka 1944, wakati Wajapani walipigana na Waingereza pale Kohima, Wanaga wengi walibeba risasi na chakula mu njia za milima, na kushusha majeruhi. Mwaka ule ule hospitali ya Force Publique, na wauguzi Wakongomani, ilikuwa Burma pamoja na askari wa Afrika ya Mashariki.

Zamani vijana walijifunza kusuka mu morung, nyumba ya vijana wanaume. Misheni na shule zilipofika, morung zilianza kufa, na hatuwezi kulaumu shule. Lakini nani sasa atafundisha mtoto, wakati baba iko kazini mjini na ndoo ya plastiki iko sokoni? Kijiji cha Khonoma, cha Waangami, kingali kinasifiwa kwa vitunga vyake. Tena kila mwaka, toka tarehe 1 mpaka 10 Desemba, kuna sikukuu kubwa pale Kisama, wageni wananunua. Wanapenda vidogo, vya kuweka kalamu ao matunda mezani. Feza inaingia nyumbani, na hilo si jambo dogo. Kekele ya kitunga kikubwa, cha kubeba kuni, sasa inatafutwa mbali zaidi mu pori.